Makombo ya kuchachushwa kwa ajili ya nguruwe ni nini?

Ni mabaki ya chakula cha watu, kama wali, mikate, maganda ya mboga na maziwa yaliyokaribia kuisha muda, yanayosagwa, kupikwa, kisha kuachiwa bakteria wa asidi laktiki wayachachushe. Hao ndio wanaogeuza maziwa kuwa mtindi. Hula sukari iliyomo na kutoa asidi; uchachu ukifika pH 4 hivi, salmonela na vijidudu vingi vya kuozesha hushindwa kuzaliana. Uji unaopatikana hukaa siku kadhaa bila jokofu, na nguruwe huupenda.

Waliofika mbali katika hili ni Wajapani. Nchi yao huagiza nje karibu mahindi yote ya mifugo, na mwaka 2000 ilipitisha sheria ya kuchakata mabaki ya chakula. Huko Sagamihara, karibu na Tokyo, kiwanda cha Japan Food Ecology Center kilichoanzishwa na daktari wa mifugo Koichi Takahashi hupokea mabaki ya viwanda na maduka makubwa, huondoa plastiki na vyuma, hupika, huchachusha, kisha uji husafirishwa kwa malori ya matangi hadi kwa wafugaji. Nyama ya nguruwe hao hurudi kuuzwa madukani.

Kuna jambo linalowaponza wengi: kuchachusha hakuchukui nafasi ya kupika. Kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, huvumilia uchachu wa kiwango hicho na hudumu miezi katika nyama iliyogandishwa. Ndoo ya makombo ya hotelini yenye vipande vya kitimoto yaweza kumaliza banda zima, na tiba hakuna. Uingereza nayo ilipiga marufuku makombo ya aina hiyo mwaka 2001, baada ya mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo ulioshukiwa kuanzia kwa mfugaji wa nguruwe aliyelisha makombo yasiyopikwa. Sheria hutofautiana, kwa hiyo muulize kwanza ofisa mifugo wako. Kwangu mimi, makombo yenye nyama ni heri kuyaacha kabisa.

Kwa mfugaji mdogo, mpangilio ni huu: chambua mifupa, vijiti na mifuko, chemsha kwa nusu saa au zaidi huku ukikoroga ili joto lifike hadi katikati, subiri yawe vuguvugu, kwa kuwa moto mkali huua hata bakteria unaowataka, changanya na uji kidogo wa awamu iliyopita, funika pipa vizuri. Harufu nzuri ni ya uchachu. Ikinuka uozo au ikiota ukungu, mwaga.

Wali na mkate hutia nguvu lakini protini yake ni haba, hivyo mashudu ya soya au dagaa bado vinahitajika. Makombo ya hoteli pia huwa na chumvi nyingi, na nguruwe anayeyala bila maji ya kutosha huweza kudhurika ubongo na kufa.