Raha ya kutoa inataka mpango wa umri mzima

Kila Ramadhani ikikaribia simu zinakuwa nyingi, watu wa Unguja na Pemba wanataka kutoa na wanataka kutoa haraka, na mimi kazi yangu ndo hii ya wasia, mirathi na wakfu, basi nawajibu lile lile kila mwaka: kutoa ni kheri wakati wowote lakini furaha yake unaipata khasa ukiwa na lengo la umri wako mzima, unajua unataka kuacha nini na unaanza saivi, una afya yako.

Zaka siigusi sana hapa, ile ni faradhi, mali ikifika nisabu, yaani kile kiwango cha chini cha kutolewa zaka (kwa dhahabu gramu 85), na ikitimiza mwaka wa Kiislamu unatoa asilimia 2.5, imekwisha. Sadaka ya mkononi nayo kila mtu anaijua. Wakfu ndo tunausahau. Kwenye wakfu unaifunga mali yenyewe, haiuzwi, hairithiwi, haigaiwi, kinacholiwa ni mapato yake tu na wanaokula ni wale uliowataja, na masheikh wetu hutuhadithia asili yake kwa ardhi aliyoipata Sayyidna Omar kule Khaibar. Kwetu si jambo geni hata kidogo. Nenda shamba utaonyeshwa minazi ya msikiti, Pemba kuna mikarafuu ya wakfu, na Mji Mkongwe nyumba za wakfu ziko chungu nzima chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana.

Wengi wananambia "nitausia nikizeeka". Jamani, wasia una mpaka wake, hauzidi thuluthi ya mali, na mrithi hausiwi mpaka warithi wenzake waridhie, na hata wakfu ukiuweka ukiwa katika maradhi ya mauti unaingizwa kwenye hiyo hiyo thuluthi. Ukiwa mzima mlango uko wazi zaidi. Halafu kuna hili ambalo mimi naliona kubwa kuliko hukumu zote: aliyeusia haoni kitu, aliyetoa mapema anamuona mtoto wa jirani anakwenda chuoni kwa kodi ya kile kibanda chake. Wazee wanaokuja kunieleza habari hizo nyuso zao zinakunjuka, wallahi, na mimi siku hiyo narudi nyumbani moyo mweupe.

Hata watafiti wameligusa. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science jaribio moja, watu walipewa dola 5 au 20 asubuhi, wengine wakaambiwa wazitumie kwa nafsi zao, wengine wazitumie kwa mtu mwengine au watoe msaada, jioni waliozitumia kwa wengine ndo waliokuwa na furaha zaidi, na kiasi cha pesa hakikuleta tofauti. Kwa hiyo usinambie huna kitu, anza na kidogo.

Ukipita Mizingani, pale Mji Mkongwe, litazame lile jengo la Old Dispensary lenye baraza za mbao zilizonakshiwa. Tharia Topan, tajiri mkubwa wa zama zile, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887 akikusudia hospitali ya hisani, akafariki 1891 halijesha, mjane wake akaliendeleza mpaka likakamilika 1894, na baadae kweli pakawa zahanati. Angekuwa na nia ya moyoni tu, bila ya kitu chochote kilichoanzwa, mjane angeshika wapi?

Sasa unaanzaje. Chagua jambo moja, moja tu, la maji au la elimu au la wagonjwa, mana anaetawanya kila pahala hafuatilii hata pahala pamoja. Mimi kwa maoni yangu misikiti tunayo mingi, ila pampu ya kisima ikiharibika kijiji kizima kinarudi kuchota kwa ndoo na hakuna alieweka fungu la fundi. Ndo mana kwenye wakfu mapato ya mwanzo yanakwenda kwenye matengenezo, wanufaika baadae, na hili liandike wazi wazi kwenye hati. Kama una kishamba panda mikarafuu kadhaa uitenge, itachukua miaka 6 au zaidi kuanza kuzaa lakini ikishika inaishi miaka mingi kukupita wewe. Kama huna ardhi fungua akaunti ya peke yake, weka kila mwezi, au changeni ndugu mnunue duka moja la kukodisha.

Na kabla hujatia saini kaa na mwenzako na watoto wakubwa uwaeleze mbele ya mashahidi, umtaje na mtawalli atakaesimamia na wa pili wake akifa, mana kesi nyingi za wakfu zinazonifikia chanzo chake ni watoto waliosikia habari siku ya hitma.