Mbao adimu si lazima kwa kinanda cha mabomba

Wengi wanaotaka kujitengenezea kinanda kidogo cha mabomba nyumbani huamini kuwa sauti tamu inatoka kwenye mbao adimu, za bei. Ni rahisi kuelewa kwa nini: kwenye gitaa, ubao wenyewe hutetemeka pamoja na nyuzi.

Kwenye bomba la kinanda, kinachotetemeka ni hewa iliyomo ndani. Upepo hupenya mwanya mwembamba, hugonga ukingo wa mdomo wa bomba (tundu lililokatwa ubavuni, karibu na chini), na hewa ya ndani huitikia. Urefu wa bomba huamua noti. Upana wake, nguvu ya upepo na hasa ule mdomo huamua ladha ya sauti. Ongeza uwazi wa mdomo kwa milimita moja tu, utasikia tofauti. Hapo ndipo pa kutulia na patasi.

Mbao iwe kavu, isipinde, isivujishe hewa. Msonobari mkavu unatosha.

Jaribu: tengeneza mabomba mawili ya sentimita 30, vipimo vile vile, moja la msonobari, jingine la mninga. Mtu ayapulize nyuma ya pazia, wewe ubashiri. Kisha ziba ncha ya juu kwa kiganja: noti hushuka karibu oktavu nzima, kama kutoka do ya juu hadi do ya chini, na mbao ni ile ile.