Mateka wa vita si mfungwa

Wakikumbukwa marubani wa kijeshi waliofia mikononi mwa adui, sentensi ni ileile kila mwaka: "Alitunguliwa, akafungwa, akafia jela." Juzi nimeisoma tena, safari hii kuhusu Lance Sijan, rubani wa Jeshi la Anga la Marekani katika vita ya Vietnam, na chini yake watu kadhaa wakauliza alikuwa ameshitakiwa kwa kosa gani. Swali halali kabisa kwa aliyeambiwa kwamba mtu alifungwa. Kwa hiyo tuliweke sawa.

Mateka wa vita ni mpiganaji aliyeangukia mikononi mwa upande wa pili katika vita baina ya mataifa. Ibara ya 4 ya Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 inataja na wengine wanaoingia humo, mfano raia walioajiriwa katika ndege za kijeshi na waandishi wa habari wanaofuatana na jeshi kwa kibali. Maana yenyewe haina zaidi ya hapo. Kinachosumbua ni majirani zake.

Mfungwa amehukumiwa. Kuna sheria aliyoivunja, kuna hakimu, kuna miaka aliyopewa. Mahabusu bado anasubiri kesi. Aliyetekwa nyara anashikiliwa ili mtu mwingine alipe au atekeleze jambo, na kumshika hivyo ni uhalifu popote pale. Mateka wa vita hayumo katika makundi haya matatu. Kumshika ni halali, lakini si adhabu. Anazuiliwa ili asirudi kupigana, na mapigano yakiisha anatakiwa aachiwe bila kucheleweshwa. Ibara ya 118 inasema hivyo waziwazi. Hana kifungo cha kutumikia kwa sababu hana kosa. Kurusha ndege ya kivita kwa amri ya serikali yako si jinai, hata kama waliokuwa chini ya mabomu wanakuchukia, na wana kila sababu ya kukuchukia. Akiwa ametenda uhalifu wa kivita anaweza kushitakiwa, lakini hilo ni shauri la pekee linalohitaji ushahidi na mahakama; halitokani na kule kukamatwa tu.

Tofauti inaonekana vizuri zaidi kwenye kutoroka. Mfungwa akitoroka, katika nchi nyingi ameongeza kosa juu ya kosa. Mateka wa vita akifanikiwa kutoroka na kulifikia jeshi lake, halafu akakamatwa tena baadaye katika mapigano mengine, haruhusiwi kuadhibiwa hata kidogo kwa kule kutoroka. Akinaswa kabla hajafika, adhabu ni ya kinidhamu tu, na ya namna hiyo haizidi siku 30. Kanuni hii haikuanza 1949. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulikuwa nayo. Ndiyo maana kilichotokea baada ya usiku wa tarehe 24 Machi 1944 kinaitwa mauaji na si adhabu. Maafisa 76 wa vikosi vya anga vya Washirika, waliokuwa wakipigana na Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili, walipita kwenye handaki walilolichimba wenyewe chini ya Stalag Luft III, kambi ya mateka ya Wajerumani. Wote walikamatwa isipokuwa watatu, na 50 kati yao wakapigwa risasi na Gestapo, polisi wa siri wa Ujerumani, akiwemo Roger Bushell aliyeongoza mpango mzima. Baada ya vita, baadhi ya waliohusika na mauaji hayo walishitakiwa Hamburg. Hakuna hata mmoja katika wale 50 aliyekuwa "mfungwa mtoro".

Nirudi kwa Sijan. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1967 alikuwa kiti cha nyuma cha ndege ya kivita F-4 iliyokwenda kupiga kivuko cha Ban Loboy, Laos, kwenye njia ya Ho Chi Minh, ambayo Vietnam Kaskazini iliitumia kupeleka askari na silaha kusini. (Wanaosema wa nyuma hakuwa rubani wamekosea: miaka ile Jeshi la Anga la Marekani liliweka marubani wawili kwenye ndege hiyo.) Mabomu yao wenyewe yalilipuka mapema mno yalipoachiwa, na ndege ikageuka mpira wa moto. Kwa hiyo hata lile "alitunguliwa" lina mushkeli. Alishuka kwa mwavuli akiwa na fuvu lililopasuka, mguu uliovunjika vibaya na mkono wa kulia ulioharibika, akajificha msituni kwa zaidi ya wiki sita. Asingeweza kusimama, alikuwa akijiburuta. Askari wa Vietnam Kaskazini walimkamata siku ya Krismasi. Akiwa amebaki mifupa, alimpiga mlinzi mmoja akaanguka, akajiburuta tena kuingia msituni, wakamrudisha baada ya saa chache.

Hapo ndipo neno lingine linapoponyoka: "alijisalimisha". Kuwa mateka wa vita hakuhitaji kujisalimisha. Mtu anaweza kuokotwa amezirai au amevuliwa baharini, na akawa mateka wa vita kamili. Hata angali hewani na mwavuli wake, rubani anayejinusuru kutoka kwenye ndege iliyoharibika haruhusiwi kushambuliwa. Itifaki ya 1977 iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva inatenganisha waziwazi kati yake na askari wa miavuli anayeruka kwenda kupigana. Anayeandika kwamba Sijan alijisalimisha amemnyang'anya zile wiki sita.

Alipelekwa Hanoi, gereza la Hoa Lo. Alihojiwa kwa mateso. Sheria inamtaka mateka ataje vitu vinne: jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Zaidi ya hapo halazimiki, na hairuhusiwi kumtesa ili aseme. Maelezo rasmi ya nishani yake yanasema hakutoa siri yoyote. Wenzake wawili waliowekwa naye, Robert Craner na Guy Gruters, walimuuguza. Hata katika kuweweseka aliendelea kuzungumzia kutoroka. Alikufa kwa nimonia tarehe 22 Januari 1968, akiwa na miaka 25. Kwao habari kamili zilikuja baada ya mateka kurudishwa 1973, mwili wake ukafuata mwaka uliofuata, na tarehe 4 Machi 1976 wazazi wake walikabidhiwa Nishani ya Heshima, ya juu kuliko zote jeshini Marekani.

Sasa kwa nini nashupalia neno moja? Kwa sababu katika vita ile neno hilo lilikuwa lenyewe ndilo ugomvi. Vietnam Kaskazini ilijiunga na Mikataba ya Geneva mwaka 1957, lakini iliweka sharti juu ya Ibara ya 85, ile inayosema mateka aliyehukumiwa kwa makosa ya kabla ya kukamatwa hapotezi ulinzi wake. Halafu ikawa inasema marubani waliodondoka si mateka wa vita, ni wahalifu, na kwamba vita yenyewe haikutangazwa. Hoja ya pili haisimami: Ibara ya 2 inasema mkataba unatumika hata kama upande mmoja haukubali kwamba kuna vita. Ya kwanza nayo ina tundu kubwa, maana lile sharti liliwahusu waliokwisha kushitakiwa na kuhukumiwa, na marubani hawakupelekwa mahakamani. Lakini kwa muda mrefu ndivyo walivyoitwa. Tarehe 6 Julai 1966 makumi yao walitembezwa mitaani Hanoi, wamefungwa pingu wawili wawili, umati ukiwapiga, wakati Ibara ya 13 inataka walindwe dhidi ya matusi na kugeuzwa maonyesho. Kwa hiyo ukiandika "mfungwa", bila kukusudia unakuwa umechukua upande katika ubishi ule, tena upande wenye hoja dhaifu.

Kumkumbuka aliyekufa hivi kuna hesabu zake pia. Aliyeuawa vitani ni mmoja, aliyepotea vitani ni mwingine, aliyefia utekani ni wa tatu, na wa tatu mara nyingi huanza akiwa kwenye orodha ya pili, familia ikisubiri. Ndiyo maana Ibara ya 120 inadai cheti cha kifo, mazishi ya heshima na kaburi lenye alama, na ile ya 121 inadai uchunguzi mateka akiuawa na mlinzi au akifa kwa sababu isiyojulikana.

Basi, ndugu mwandishi wa kumbukumbu za mwaka ujao, huna haja ya kubadilisha mengi. "Akafia jela" iache ukipenda: Hoa Lo lilikuwa gereza kweli, Wafaransa walilijenga na kuwatia Wavietnamu wao wenyewe humo kabla hata marubani hawajazaliwa. "Alitunguliwa" nayo tunaweza kubishana siku nyingine. Ila pale penye "akafungwa", weka "akakamatwa akawa mateka wa vita". Sentensi itarefuka kidogo, na hakuna atakayeuliza tena kosa lake lilikuwa nini.