Steroidi yenye mionzi: atomu ikae wapi?

Mgonjwa wa saratani ya matiti akiambiwa uvimbe wake una vipokezi vya estrojeni (protini ambazo homoni hiyo ya kike hushikamana nazo), mara nyingi jibu hilo limetoka kwenye kinyama kilichochukuliwa sehemu moja tu. Saratani iliyosambaa haina msimamo: inaweza kuwa na vipokezi kwenye titi na isiwe navyo kwenye nyonga. Hakuna daktari anayeweza kutoboa kila uvimbe. Ndiyo maana sisi tunaotengeneza dawa za mionzi huituma homoni yenyewe, ikiwa imebeba atomu yenye mionzi, ikavitafute vipokezi, kisha tukaipiga picha pale ilipotua.

Wengi hudhani ugumu uko kwenye mionzi. Hasha. Ugumu ni kuamua atomu hiyo ikae wapi bila kuiharibu steroidi, yaani molekuli ya kundi lenye homoni hiyo na kolesteroli.

Somo hilo lilionekana mapema kwenye tezi za adrenali, zilizo juu ya figo. Tezi hizo hutumia kolesteroli kutengenezea homoni zake, kwa hiyo mnamo miaka ya 1970 William Beierwaltes, Raymond Counsell na wenzao wa Chuo Kikuu cha Michigan waliiwekea kolesteroli iodini-131. Baadaye ikagundulika kwamba ndani ya dawa ile mlikuwa na uchafu: molekuli iliyojipanga upya, iodini yake ikiwa imehamia mahali pengine. Uchafu huo ulikusanyika kwenye adrenali kuliko dawa yenyewe! Ukawa dawa mpya, NP-59. Kwa kuwa mkusanyiko huo huchukua siku kadhaa, nusu-uhai (muda wa mionzi kupungua kwa nusu) ya siku 8 ya iodini-131 inafaa, na mgonjwa hupewa kwanza iodini ya kawaida ili kuikinga tezi ya thairoidi.

Estradioli, aina kuu ya estrojeni, ni ngumu zaidi. Kaboni za steroidi hupewa namba, na kipokezi huishika kwa haidroksili zake mbili (vikundi vya oksijeni na haidrojeni), ya kaboni ya 3 na ya kaboni ya 17, kwa hiyo hapo hapaguswi. John Katzenellenbogen wa Illinois na Michael Welch wa St. Louis, pamoja na vikundi vyao, walifanikiwa kwenye kaboni ya 16 kwa florini-18, atomu ndogo ambayo kipokezi huivumilia. Hiyo ndiyo FES. Picha za kwanza za wagonjwa zilichapishwa 1988. Marekani iliidhinisha itumike hospitalini Mei 2020. Miaka 32! Kwangu huo ni muda mrefu mno kwa wanawake waliokuwa wakisubiri.

Nusu-uhai ya florini-18 ni kama dakika 110, kwa hiyo saiklotroni, mashine inayoitengeneza, isiwe mbali na hospitali, na kazi ya maabara iende mbio. Kwenye usafishaji, hata hivyo, sikubali njia ya mkato. Floridi iliyobaki huru, yaani florini-18 isiyoungana na steroidi, hukimbilia mifupani, na mifupani ndiko saratani ya matiti hupenda kusambaa. Ikipenya kwenye sindano, picha itaonyesha ugonjwa usiokuwapo. Vilevile vipokezi ni vichache. Steroidi isiyo na mionzi ikizidi, itavijaza yenyewe na uvimbe hautaonekana.

Kisha kuna mwili wenyewe. FENP, steroidi nyingine yenye florini-18 iliyobuniwa kutafuta vipokezi vya homoni ya projesteroni, ilivishika kwa nguvu na ikafanya vizuri sana kwa panya. Kwa binadamu ikaanguka, kwa sababu tuna kimeng'enya kinachoibadilisha haraka kwenye kaboni ya 20. Wakemia walirudi mezani, wakaipa molekuli umbo ambalo kimeng'enya hicho hakiliwezi kirahisi, ikazaliwa FFNP. Ninapofundisha vijana hurudia kisa hiki kila mara: kushika kipokezi ndani ya chupa hakutoshi.

FES nayo ina mipaka, na mgonjwa anastahili kuijua. Ini huchakata steroidi na kuitoa kwa njia ya nyongo, hivyo ini lote hung'aa na uvimbe uliomo ndani yake hufichika. Huko tunahitaji vipimo vingine. Pia dawa zinazokalia vipokezi vya estrojeni huifungia FES mlango: baada ya tamoksifeni husubiriwa wiki 8, na baada ya fulvestranti wiki 28. Anayeandaliwa kipimo hiki ataje dawa zote za homoni alizotumia na tarehe ya mwisho ya kila moja, hata kama hakuulizwa. Asiache dawa yoyote mwenyewe kabla ya kuzungumza na daktari wake.