Papa wa Barabarani Hakuwahi Kufika Barabarani

Marekani inapopigwa na kimbunga kikubwa, picha ya papa akiogelea kando ya gari katika barabara iliyofurika husambazwa tena mitandaoni, na wengi huamini kwamba ni ya mafuriko hayohayo. Papa huyo ni wa kweli. Barabara ndiyo si yake. Mpiga picha Thomas Peschak alimpiga picha mwaka 2003 baharini Afrika Kusini, papa huyo akiufuata mtumbwi wa mtafiti, kisha mtu akamkata na kumbandika kwenye picha ya barabara, ambayo mwaka 2011 ilidaiwa kuwa ya Puerto Rico na mwaka 2017 ya Houston. Ajabu ni kwamba video ya mwaka 2022 kutoka Fort Myers, Florida, iliyoonyesha samaki anayefanana na papa katika ua uliofurika, ilithibitishwa kuwa halisi.