Leza kwenye msuli wa moyo: tundu si mshipa

Mgonjwa ambaye kifua kinambana kila siku, dawa hazimsaidii, na mishipa yake haifai kuwekewa stenti (kijibomba cha kuupanua mshipa) wala kufanyiwa baipasi (kuungiwa mshipa wa kuzunguka ulioziba), anaweza kusikia habari za kutobolewa moyo kwa leza ili damu ipenye kwenye msuli wake. Marekani iliruhusu tiba hiyo kwa leza ya kabonidayoksaidi mwaka 1998, na kwa ile ya holmiamu, aina ya metali, mwaka 1999. Mengi yanayosemwa juu yake yana walakini.

Dhana: Leza ni leza tu, zote zinaunguza sawa.

Ukweli: Inategemea ni nini kinachofyonza mwanga wake. Msuli wa moyo kwa sehemu kubwa ni maji, na mwanga wa kabonidayoksaidi (urefu wa wimbi mikromita 10.6) hunywewa na maji papo hapo. Tishu inageuka mvuke, kuta za tundu zinabaki na utando mwembamba ulioungua, na mpigo mmoja wa leza unatosha kupenya ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini. Holmiamu (mikromita 2.1) hupitia kwenye uzi wa kioo unaogusa moyo, na hutoboa kwa mipigo kadhaa. Kila mpigo unazaa kiputo cha mvuke kinachotanuka kwa kishindo na kuchana nyuzi za msuli pembeni, hivyo jeraha huwa pana kuliko tundu. Leza ya eksaima, inayotumia gesi, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 308, hutoa mwanga wa urujuanimno. Huvunja vifungo vya molekuli bila joto jingi.

Leza ya neodimiamu, metali nyingine, ndiyo tofauti kabisa. Maji hayaufyonzi sana mwanga wake, kwa hiyo unazama milimita kadhaa na kuupika msuli bila kuutoboa. Kwa kazi ya matundu haifai, lakini ilijaribiwa kuua vipande vya msuli vinavyovuruga mapigo ya moyo.

Dhana: Moyo ukitobolewa, damu haitazuilika.

Ukweli: Tundu ni la milimita 1 hivi. Damu inaruka, daktari anaweka kidole, anakandamiza dakika chache, inaganda. Leza ya kabonidayoksaidi hufyatuliwa ventrikali ikiwa imejaa. Damu iliyomo hufyonza mwanga uliobaki, na viputo kwenye ultrasaundi huonyesha kwamba ukuta umepenywa.

Dhana: Matundu hayo yanakuwa mishipa mipya.

Ukweli: Hili ndilo lililowavutia waanzilishi, waliotazama mioyo ya reptilia, ambayo msuli wake hupata damu moja kwa moja kutoka ndani. Kwa binadamu matundu mengi huziba na kuacha kovu. Nafuu ilielezwa kwa vimishipa vinavyoota kandokando ya kovu, au kwa neva za maumivu kuungua. Utafiti wa DIRECT, uliochapishwa mwaka 2005 kwa wagonjwa 298, ulitumia leza ya kupitishwa kwenye mshipa, na baadhi yao walifanyiwa maigizo tu, yaani utaratibu ule ule bila kupigwa leza. Hao wa maigizo nao walipata nafuu kama wenzao waliopigwa leza. Majaribio makubwa ya kufungua kifua hayakuwa na kundi la maigizo, na nani angekubali kupasuliwa kifua bure?