Siri iko kiunoni: magwanda ya zamani yalivyoficha watu

Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nianze kuandika mambo ya mavazi ya kijeshi ni hili, hivi ilikuwaje mwanamke akae jeshini miaka mitatu, alale hema moja na wanaume, apigane, arudi nyumbani, na asijulikane? Na wengi wanauliza wakiwa wameshaamua kwamba ni uongo. Mimi ni fundi, nashona mavazi ya jukwaani, historia nimeiingia kwa mlango wa cherehani, kwahiyo huwa nawajibu kifundi tu: nyie mnaangalia kifua, siri iko kiunoni.

Ngoja nieleze nilivyolijua hilo. Miaka kadhaa nyuma kikundi kimoja cha maigizo kiliniletea dada mmoja wa kuigiza askari. Nikachukua futikamba nikampima kama ninavyompima mtu yeyote, mabega, kifua, kiuno, makalio, nikashona gwanda limemkaa mpaka nikajisifu mwenyewe. Siku ya mazoezi amepanda jukwaani watu wakaangua kicheko. Alikuwa mwanamke aliyevaa gwanda, basi, hata mtoto angeona. Kosa langu lilikuwa kufuata vipimo vyake. Nikalifumua lote, safari hii nikakata kutoka begani linashuka moja kwa moja bila kubana popote, alafu kiunoni nikamzungushia matambaa chakavu tabaka kwa tabaka mpaka kiuno kikalingana na makalio. Kifuani kitambaa cha kawaida tu cha kujifunga, wala sikuhangaika napo. Siku ya onyesho mlinzi wa ukumbi akamzuia mlangoni, "Kaka, huku hawapiti watu." Nikajua kazi imekubali.

Sasa chukua hiyo uende nayo Marekani, vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865. Askari wa Kaskazini, yaani upande wa serikali, walikuwa na koti la kazi la bluu, vifungo vinne mbele, limelegea kama gunia. Lilishonwa kwa saizi nne. Nne tu! Jeshi la watu laki na laki, saizi nne, maana yake karibu kila mtu nguo haimtoshi, huyu mikono imemfunika vidole, yule mabega yanamwangukia, kwahiyo askari mfupi aliyepotelea ndani ya koti halikuwa jambo la kugeuza shingo. Alafu kulikuwa na vijana wadogo wengi ajabu, ndevu hazijaota, sauti nyembamba, kwahiyo ukisema una miaka 18 na sura laini utaitwa "dogo" na maisha yanaendelea. Kitu kinachonifurahisha mimi kama fundi ni kwamba sehemu kubwa ya hizo nguo zilikatwa kwenye ghala la jeshi la Schuylkill, Philadelphia, alafu wakapewa wanawake wa mjini wakashone majumbani kwao kwa malipo ya kila kipande. Yaani mwanamke kashona, na huko mbele kuna mwanamke mwingine kavaa, na jeshi katikati halina habari.

Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba wanawake kama 400 walipigana vita vile wakiwa wamejifanya wanaume, pande zote mbili ukijumlisha.

Watu wanasema, je daktari? Kanuni zilitaka mtu akaguliwe vizuri kabla ya kuandikishwa, lakini kanuni ni kanuni na foleni ni foleni. Mara nyingi daktari aliangalia una mikono miwili, macho yanaona, na meno ya mbele yapo, maana baruti na risasi vilikuja vimefungwa kwenye karatasi na ulitakiwa uirarue kwa meno. Hamna meno, hamna uaskari. Mengine hayo nani ana muda nayo. Na ukishaingia, watu walilala na nguo zao, walikaa wiki na wiki bila kuoga mwili mzima, vyoo vya kambini vilikuwa vichafu kiasi kwamba hata wanaume wenyewe walipendelea kwenda porini, kwahiyo aliyejitenga kidogo hakushangaza mtu.

Mmoja wao, Sarah Rosetta Wakeman, alijiandikisha 1862 kwa jina la Lyons Wakeman, kikosi cha 153 cha New York, na sababu yake haikuwa ya kishairi kabisa, ilikuwa hela. Alipewa dola 152 za kujiandikisha na mshahara wa askari ulikuwa dola 13 kwa mwezi, kazi za ndani alizoweza kupata kama msichana zisingemfikisha huko. Alikufa 1864 kwa ugonjwa wa kuharisha, New Orleans, baada ya wiki kadhaa hospitalini, wiki kadhaa mtu anahudumiwa kitandani! na hakuna rekodi kwamba aligunduliwa. Kaburi lake lina jina Lyons Wakeman mpaka leo.

Lakini hata koti na meno havijamaliza swali. Kilichowaficha zaidi ni macho ya watu wenyewe. Mwanamke wa Kimarekani wa 1860 alijulikana kwa umbo la nguo, kiuno kimekazwa kwa vazi lenye vijiti, chini sketi pana imetunishwa kwa pete za chuma, anapita mlangoni kwa hesabu. Watu walikua wakiona umbo hilo na kuliita mwanamke. Mtu mwenye suruali wakamwita mwanaume, wala ubongo haukuendelea na uchunguzi. Ndiyo maana waliogunduliwa mara nyingi hawakugunduliwa kwa mwili, waligunduliwa kwa mazoea ya nguo. Inasimuliwa kuhusu mmoja ambaye alirushiwa matufaha, akanyoosha mikono chini kushika aproni ambayo hakuivaa, ili ayadake nayo. Mwingine inasemwa alijaribu kuvaa suruali kwa kuipitishia kichwani. Ukweli wa kila kisa mwachie anayesimulia, ila kama mtu ninayevalisha watu kila wiki naviamini vyote viwili, mwili unakumbuka nguo iliyoulea.

Na sisi watu wa pwani tusijifanye tunashangaa sana. Baba yuko nyumbani na msuli wake, mama na kanga yake, vyote ni vitambaa vya kujifunga kiunoni, na hakuna anayechanganyikiwa kwa sababu tumefundishwa kipi cha nani. Nenda Athens ukawaone walinzi wa rais, wale Evzones, wanaume warefu wenye bunduki wamevaa sketi nyeupe yenye marinda 400. Mia nne! Mimi marinda 40 tu ya sare ya shule yanatosha kunitoa machozi.

Kuna msomaji makini atasema sawa, koti la gunia limeficha, je majeshi yaliyovaa nguo za kubana? Hapo nakupeleka Urusi kwa Nadezhda Durova. Septemba 1806 alitoroka kwao Sarapul, akaacha nguo zake za kike ukingoni mwa mto Kama ili wadhani amezama, akapanda farasi wake Alkid akaondoka na Wakossaki, askari wa farasi wa Urusi. Lakini Kossaki anatakiwa ndevu, kwahiyo akahamia kikosi cha mikuki ambako kunyoa ilikuwa kawaida. Gwanda la wale askari wa mikuki linabana kweli, ila liangalie kwa jicho la fundi: kifuani kuna kipande cha ziada cha kitambaa kimefungwa kwa safu mbili za vifungo, chini yake bitana nzito, kwahiyo kifua cha kila mtu kinakuwa kimoja, kipana na kimenyooka. Shingoni kola imesimama mpaka kwenye taya, ndani yake kuna kitambaa cha kufunga shingo, hakuna atakayeona kama una koromeo la kiume au huna. Kiuno kimebanwa, ndiyo, lakini wanaume wote wamebanwa kiuno, fasheni ya wakati ule ilitaka afisa awe na kiuno kama nyigu! Jeshi lenyewe lilimsaidia.

Habari zake zilimfikia mfalme Alexander wa Kwanza. Akamwita mwishoni mwa 1807, na badala ya kumrudisha kwa baba yake akampa msalaba wa Mtakatifu George kwa kuokoa maisha ya afisa, akampa na jina, Alexandrov, kutokana na jina lake mwenyewe. Akapigana Borodino 1812 akaumia mguu, akastaafu 1816, akaendelea kuvaa kiume na kutaka aongeleshwe kiume mpaka alipokufa 1866. Na Kirusi kazi hiyo si ndogo, kitenzi cha wakati uliopita lazima kionyeshe ni mwanamke au mwanaume. Sisi Kiswahili kimetupumzisha, yeye ni yeye, amekuja ni amekuja, naandika makala nzima hapa bila kuchagua.

Deborah Sampson wa Massachusetts nitampitia haraka maana ameandikwa sana. Alikuwa mfumaji, alijua nguo, akajiandikisha Mei 1782 kama Robert Shurtliff kwenye vita vya uhuru wa Marekani. Akapigwa risasi ya paja na akaitoa mwenyewe ili daktari asimvue nguo. Kilichomkamata ni homa, Philadelphia, 1783, kapoteza fahamu, daktari Binney akaona na akafunga mdomo kwa muda. Baadaye alipigania pensheni, akaipata 1805, dola 4 kwa mwezi. Ila ninachokirudia kila mara ni kanisa lake la Kibaptisti la Middleborough, lilimtenga Septemba 1782, na kwenye kumbukumbu zao kosa la kwanza kutajwa ni kuvaa nguo za kiume.

Mpaka hapa utadhani hadithi zote ni za mwanamke ndani ya suruali. Sasa msikie huyu, Chevalier d'Éon, Mfaransa, kapteni wa kikosi cha farasi, jasusi wa mfalme Louis wa 15, ana nishani ya Mtakatifu Louis kifuani. Alipokuwa London uvumi ukaanza kwamba yule kapteni ni mwanamke, watu wakaweka dau la hela nyingi, kesi ikafika mahakamani 1777 na baraza la wazee wa mahakama likaamua, ni mwanamke. D'Éon mwenyewe alikuwa ameshakubali hivyo kwenye makubaliano yake na serikali ya Ufaransa. Alirudi ikulu ya Versailles, Ufaransa, mwaka huohuo, na unajua alivaa nini? Gwanda lake la farasi. Ikatoka amri ya mfalme mpya, Louis wa 16, avue, avae kike, na nguo akatengenezewa na Rose Bertin, fundi wa malkia Marie Antoinette, bili inakwenda kwa mfalme. Kwa sisi mafundi huyo Bertin ni kama mtume, na hebu fikiria mzigo aliopewa, kumvalisha kapteni wa miaka 49 mwenye mabega ya kurusha upanga aonekane bibi wa ikulu. Ni ile kazi yangu ya jukwaani imegeuzwa nyuma mbele, yeye alitakiwa kutengeneza kiuno pasipokuwa na kiuno.

Vita vya uhuru wa Marekani vilipopamba moto d'Éon akaomba arudishiwe gwanda akapigane, akakataliwa, alipong'ang'ania wakamfunga kwenye ngome ya Dijon, 1779. Baadaye akarudi London, na Aprili 1787 akapigana mchezo wa upanga mbele ya mwana wa mfalme akiwa ndani ya gauni jeusi na nishani yake kifuani, mpinzani wake Chevalier de Saint-Georges, ambaye mama yake alikuwa Mwafrika mtumwa huko Guadeloupe. D'Éon alikuwa na miaka 58. Akafa 1810, madaktari wakaangalia, wakakuta mwili wa kiume. Bibi aliyeishi naye nyumba moja kwa miaka alipigwa na butwaa.

Unaona sasa ninachokiona mimi? Gwanda halikuwatesa hawa watu. Taabu ilianza pale mtu mwingine alipochagua wavae nini.

Na hapa ndipo Albert Cashier ananikaa rohoni kuliko wote. Alizaliwa Ireland, Clogherhead, akapewa jina Jennie Hodgers. Agosti 1862 akajiandikisha Illinois, kikosi cha 95, kombania G, mfupi, futi tano na inchi tatu hivi, akapita kwenye mapigano kama 40, Vicksburg ikiwemo, akaachiwa 1865 na rekodi safi. Wengine waliporudi nyumbani walirudi kwenye magauni, yeye hakurudi. Akakaa kijiji cha Saunemin, akafanya vibarua vya shamba, akafagia kanisa, akawasha taa za barabarani, akapiga kura miaka ambayo mwanamke wa Illinois haruhusiwi, akachukua pensheni ya askari. Alikuwa na zaidi ya miaka 60 gari la bosi wake lilipomgonga likamvunja mguu, daktari akajua, bosi akajua, wakanyamaza wote wawili, na 1911 wakampeleka nyumba ya askari wastaafu Quincy kama Albert. Kule nako waliojua walinyamaza.

1914 akili ilianza kupotea, akahamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili Watertown, na huko wakamvisha sketi. Ofisi ya pensheni nayo ikaanza kumchunguza kama tapeli, wenzake wa kombania G, wazee watupu, wakatoa ushahidi kwamba huyu ndiye yuleyule dogo waliyepigana naye, pensheni ikabaki. Sajenti wake wa zamani, Charles Ives, alikwenda kumwona, na alichokisimulia baadaye kilikuwa kuhusu zile sketi, jinsi alivyokuwa hajui kuzitembelea, na kwamba siku moja alijikwaa akaanguka akaumia nyonga na hakupona tena.

Sketi ndefu ina mwendo wake. Hatua fupi, mguu unasukuma pindo kidogo kabla ya kukanyaga, kwenye ngazi unainua kwa mkono, msichana hufundishwa bila kujua kwamba anafundishwa. Huyu alikuwa ametembea na suruali zaidi ya miaka 50, hatua zake ni za mtu wa shamba na wa maandamano ya jeshi. Mimi nikimpa mwigizaji gauni la namna ile namfanyisha mazoezi wiki mbili nikiwa nimekaa chini naangalia pindo, na napandisha pindo inchi mbili kwa tahadhari, inchi mbili tu, hata mshono wa mkono unatosha.

Alikufa Oktoba 10, 1915. Wakamvua ile sketi, wakamzika Saunemin na gwanda lake la jeshi, na kwenye jiwe wakaandika Albert D. J. Cashier, Co. G, 95 Ill. Inf.